Ghorofa Iliyotuangusha Nyabiyonza

Nyabiyonza ya ujana wangu, huku kwetu Karagwe, haikuwa na mtu aliyewahi kulala juu ya kichwa cha mwenzake. Nyumba zetu zilikuwa za nyasi, za mviringo, zimeinama mpaka chini kama kuku anayeatamia. Aliyetaka kuona mbali alipanda kilima, na vilima Mungu ametupa vya kutosha bila kututoza kitu. Basi akatokea tajiri mmoja, muuza nguo na chumvi, akaona kwamba yeye vilima havimtoshi. Alitaka ghorofa.

Tulimwita Bwana, kwa sababu alipenda. Alikuwa Mwislamu, mtu wa kanzu safi na kofia ya kushonwa kwa mkono, na kila mazungumzo yake yalianzia pwani. Ukimpelekea ngozi ya mbuzi, atakueleza ngozi za pwani zilivyo laini. Mvua ikinyesha, atakwambia hiyo si mvua, ukitaka mvua nenda pwani. Kwa maelezo yake, baba yake alikuwa na ghorofa yenye baraza chini na baraza juu, na wapita njia walikuwa wakiinua shingo kumwamkia. Mkewe, ambaye watu wake nao walitoka huko huko pwani lakini hakuwa na subira na uongo, alituambia siku moja akitupimia chumvi:

"Pwani? Huyu kazaliwa Tabora. Pwani alikwenda mara moja, akaugua tumbo, akarudi."

Mimi natoka Nyakasimbi. Nilikwenda kwa tajiri huyo kwa sababu ile ile iliyowapeleka vijana wengi kwa matajiri miaka hiyo. Mjerumani alikuwa ametia kodi kwenye kila nyumba, na migomba ya baba yangu, ingawa ilistawi vizuri, haikuzaa rupia. Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea maji na kuamkia wakubwa. Kilichobaki chote nilijifunzia juu ya jukwaa, na ndiyo maana mpaka leo najua matusi mengi kuliko salamu.

Siku Bwana alipomtangazia mkewe habari ya ghorofa, tulikuwa uani tunaanika ngozi, na hawakuona sababu ya kunong'ona mbele yetu.

"Ghorofa ya kuangalia nini?" mkewe akauliza.

"Ya kuangalia njia."

"Njia ina nini? Ng'ombe na migomba."

"Bwana Mkubwa wa Bukoba, yule Mjerumani, akipita na askari wake, atalala wapi?"

"Atalala kwenye hema lake, kama anavyolala siku zote."

"Safari hii atalala juu," Bwana akasema, akiinua kidole kuelekea mahali ambapo bado palikuwa na hewa tupu. "Na aliyemlaza nitakuwa mimi."

Mkewe alikitazama kidole, akaitazama hewa, akaingia ndani kuendelea na mchele wake.

Fundi mwashi akaja na msafara kutoka Tabora. Alikuja na mwiko, timazi na sifa. Kwa jinsi alivyojieleza, nusu ya miji ya nchi hii aliisimamisha yeye, na nusu ya pili ilijengwa vibaya kwa kuwa hakuitwa. Tulifyatua matofali ya udongo, tukayaanika juani. Kuyachoma hakukuzungumzwa, kwani Bwana alisema kuni ni za jikoni. Fundi akayagonga gonga kwa mwiko wake, akasema yatafaa. Nadhani angesema vivyo hivyo kama tungemletea mikate.

Ukuta ulipopita kifua cha mtu mrefu, fundi akatuamuru tujenge jukwaa. Neno lenyewe nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Unasimamisha miti kando ya ukuta, unaifungia miti mingine ya kulala, na juu yake unapanga fito za kukanyaga. Mwashi anasimama huko juu anapanga matofali, na vibarua wanampandishia udongo mabegani.

Kwa kufungia miti hiyo fundi aliomba kamba za usumba, zile za nyuzi za makumbi ya nazi, ambazo Bwana alikuwa nazo tele ghalani. Bwana akakataa.

"Hizo ni za mizigo ya ngozi. Mzigo wa ngozi ukifunguka njiani ni hasara."

"Na jukwaa nilifunge kwa kamba gani, Bwana?"

Bwana akaonyesha shamba lake la migomba. "Kamba hizo hapo. Zinaota zenyewe."

Sasa, kamba ya ganda la mgomba mimi siisemi vibaya. Wazee wetu wamefungia nayo mapaa, kuni, na hata mbuzi mkaidi. Lakini ukilichuna ganda likiwa bichi na kulifunga siku hiyo hiyo, jua likalipiga siku chache, linasinyaa, na fundo lililokuwa limebana linalegea kama mshipi kwenye kiuno cha mtu aliyekonda. Jambo hilo kila mtu pale alilijua. Bwana alilijua, maana paa la choo chake lilikuwa limefungwa hivyo na lilikuwa limeshamwangukia. Fundi naye alilijua, kwa sababu nilimwona akizivuta zile kamba na kukunja uso. Tatizo ni kwamba jana yake tu alikuwa ametusimulia jinsi alivyojenga mnara mzima akiwa amesimama juu ya mabega ya watu. Mtu aliyejenga mnara juu ya mabega ya watu atalalamikiaje kamba?

Basi tukafunga kwa maganda mabichi, tukapanda.

Miongoni mwetu alikuwamo jamaa mmoja wa Rugu, amenizidi umri kidogo, mwenye mikono mirefu na kinywa kisichopumzika. Fundi hakujua Kinyambo, lugha yetu, hata neno. Kwa hiyo yule wa Rugu alikuwa akituimbisha nyimbo za kazi zilizoeleza jinsi fundi alivyo na miguu ya korongo na akili ya korongo huyo huyo, na fundi akitikisa kichwa kwa furaha akisema, "Vizuri! Endelea, endelea!" Tulifanya kazi sana siku hizo. Hakuna kitu kinachopunguza uzito wa udongo kama kumtukana msimamizi wako akakushukuru.

Yeye ndiye aliyeanguka wa kwanza. Alikuwa anapanda na chungu cha udongo begani, na fundo moja likaachia. Sikumwona akianguka. Nilichogundua ni kwamba wimbo umekatika katikati ya neno. Nilipogeuka alikuwa chini, ameulalia mkono wake wa kulia, udongo umemfunika uso.

Bwana akatoka dukani mbio, kanzu ameishika kwa mkono.

"Chungu kimevunjika?"

"Kimevunjika, Bwana," tukasema.

"Na udongo wote?"

"Umemwagika wote."

Akatikisa kichwa kwa huzuni. Kisha akamkumbuka mtu. "Na wewe, umeumia?"

Yule wa Rugu akajifuta macho kwa mkono uliobaki. "Mimi mzima, Bwana. Ni mkono tu umeelekea upande mwingine."

Na kweli ulikuwa umeelekea upande mwingine. Kati ya kiwiko na kiganja ulikuwa umejikunja mahali pasipo na kiungo. Bwana hakuutazama sana, maana alikuwa ameshaanza kutafuta chanzo cha ajali.

"Ulipopanda ulisema bismillahi?"

"Mimi si Mwislamu, Bwana."

"Ndiyo maana umeanguka."

Akampa kitambaa cha kufungia mkono, kipande cha marekani ambacho panya walikuwa wamekionja, na ndugu zake wakaja kumchukua wakarudi naye Rugu. Siku ile mke wa Bwana hakuwepo, alikuwa amekwenda msibani. Nalitaja hilo kwa sababu nililifikiria sana baadaye.

Tangu hapo ikawa amri. Hakuna kupanda jukwaa bila bismillahi. Fundi alisimama chini kila asubuhi akitusikiliza mmoja mmoja. Ndimi zetu zililivunja vunja neno hilo mpaka likawa "simile", na kwa kuwa simile ndivyo mtu mwenye mzigo anavyosema anapotaka apishwe, kila mmoja wetu alipanda akiomba njia. Ya kwenda wapi, hatukuambiwa. Kamba zilibadilishwa? La. Kila iliyolegea tuliiongezea nyingine mbichi juu yake, na hiyo nayo ikaanza kukauka.

Zamu yangu ikafika jua likiwa utosini. Ukuta ulikuwa umekipita kimo cha mlango, na mimi nilikuwa juu pamoja na fundi, nampokeza matofali. Akaniambia, "Sogea huku." Nikasogea. Nikasikia kitu kikiguna chini ya miguu yangu, kama ng'ombe anayetaka kulala, kisha hapakuwa na kitu chini ya miguu yangu.

Nimesikia watu wakisema kwamba anayeanguka huyaona maisha yake yote. Mimi niliiona kofia ya fundi, ambayo ilikuwa inashuka pamoja nami, na fundi mwenyewe aliyekuwa amebaki juu, ameukumbatia ukuta kwa mikono na miguu, analia, "Mama yangu! Mama yangu wee!" Kisha nikalifikia rundo la matofali. Paja langu lilitoa mlio kama wa muwa unapovunjwa gotini. Maumivu hayakuja papo hapo. Nilipata nafasi ya kushangaa kwa nini unyayo wangu unatazama nyuma, ndipo yakaja, na yalipokuja nilipiga ukelele ambao wenzangu waliuigiza miaka mingi kwenye vilabu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, kila mmoja akidai wake ndio uliofanana zaidi.

Walimletea fundi ngazi. Alipogusa ardhi tu, sifa zake zote zikamrudia.

"Watu wa ndizi hawa," akasema, akiitafuta kofia yake. "Chakula chao ndizi, pombe yao ndizi. Mifupa yao itakuwa nini kama si ndizi?"

Bwana naye akawa amefika. "Nani amemsukuma?"

"Hakuna, Bwana. Kamba imeachia."

"Kamba haisukumi mtu." Akaniinamia, uso wake karibu kabisa na wangu. "Ulisema bismillahi?"

"Nilisema, Bwana."

"Ulisemaje?"

"Simile."

"Basi!" akasema, akajinyoosha na kuwatazama wote kama kadhi aliyekwisha kukata shauri.

Hapo ndipo mkewe alipotoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Mmesimama hapa mnahukumu nini? Hamwoni mtu kavunjika paja?" Akapiga magoti, akaligusa paja kwa ncha za vidole, akawageukia wenzangu. "Anatakiwa apelekwe kwa mwunga mifupa. Msimbebe mgongoni, mtammaliza. Atafutiwe kitu kilichonyooka." Akaangaza uani. Macho yake yakatua chini ya ukingo wa paa la ghala. "Leteni mlango."

"Mlango upi?" Bwana akauliza.

"Kwani unayo mingapi?"

Mlango huo ilibidi uujue ili uelewe kilichotokea usoni pa Bwana. Ulikuwa wa mbao nzito, umechongwa maua na minyororo kuanzia juu mpaka chini, na ulifika Bukoba kwa njia ya ziwa, kisha wapagazi wakaupandisha milima yote ya huku vichwani mwao. Nyumba haikuwa hata na msingi wakati huo. Bwana alikuwa ameuvingirisha kwenye mikeka, na wageni wa heshima walipofika aliufunua taratibu, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga, kisha akaufunika tena usipate baridi.

Wenzangu walikuwa wamekwisha kuichana ile mikeka. Wakauweka mlango chini kando yangu, maua juu, wakaninyanyua wote pamoja na kunilaza.

"Si upande wa nakshi!" Bwana akapiga kelele. "Mgeuzeni! Ugeuzeni!"

"Mgeuze wewe," mkewe akamwambia. "Na paja lake ulishike mwenyewe."

Bwana akarudi hatua nyuma.

Hivyo ndivyo nilivyorudi Nyakasimbi, nimelala juu ya kitu cha thamani kuliko vyote vilivyokuwepo katika nchi ile, nimebebwa na watu wanne, na kila walipokanyaga jiwe, ua moja la mbao liliniingia mgongoni. Njiani tulikutana na wanawake wanatoka shambani. Waliponiona nimenyooshwa juu ya ubao wa kifahari walitua mizigo yao, wakaanza kumlilia marehemu. Kwa adabu niliinua mkono kuwaamkia. Walikimbia wakaacha mizigo.

Mwunga mifupa wetu alikuwa bibi mmoja mfupi, mkavu, aliyezungumza na wagonjwa wake kama mtu anayewadai radhi. Aliniona, akauona mlango, akaanza na mimi.

"Nimeunga waliokanyagwa na ng'ombe. Nimeunga waliobingirika mteremkoni na vibuyu vyao vya rubisi. Wewe umefanya nini?"

"Nimeanguka kutoka kwenye jukwaa, mama."

"Jukwaa ndiyo nini?"

Nikamweleza, huku natokwa jasho. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani mlifunga miti kwa maganda mabichi, halafu mkaipanda, nyote mkiwa na akili zenu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi paja halikuwa la kwanza kuharibika," akasema. Akawaambia wawili wanishike mabega, wawili wanikalie mguu mzima, naye akaukamata uliovunjika.

Hapo sina la kuchekesha. Nilimwita mama yangu kuliko hata fundi alivyomwita wa kwake. Nilipozinduka, paja lilikuwa limezungushiwa matete yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, zilizokauka sawasawa, na bibi aliivuta ncha moja moja mbele ya macho yangu ili nione kamba inavyotakiwa kushika. Akasema sitasogezwa wala kugeuzwa mpaka atakapoamua yeye, na nitabaki nimelala pale pale nilipolala. Yaani juu ya mlango.

Bwana alikuja mapema sana, na aliendelea kuja. Alikuja na asali. Alikuja na chumvi. Alikuja na kahawa za kutafuna zilizofungwa vizuri kwenye jani, kama zile anazopewa mgeni mkubwa. Nyakasimbi nzima ikawa inamsifu. Wazee waliwaambia vijana wao, mnamwona tajiri mwenye huruma? Kibarua kavunjika, na yeye hamwachi. Mimi nilikuwa nimelala pale namtazama anavyoinama kunijulia hali, huku mkono wake unapapasa pembeni yangu kuona kama maua yamepasuka.

"Shikamoo, mama," alimwambia bibi, ingawa bibi hakuzoea salamu hiyo na alimjibu kwa kuguna. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amelala."

"Juu ya mlango?"

"Juu ya mlango."

"Hatuwezi kumhamishia kitandani? Nitaleta kitanda cha kamba, kizuri, cha kwangu mwenyewe."

"Kitanda cha kamba kinabonyea. Mfupa utaunga na bonde."

"Hata kwa muda mfupi tu, mama? Nyumba inasubiri."

Bibi akaacha kuponda dawa. "Wewe umekuja kuuliza mtu au ubao?"

Bwana akanitazama, akautazama mlango, akanitazama tena. Alilifikiria muda mrefu kuliko nilivyopenda, kwani mimi nilidhani swali lenyewe ni jepesi.

Huko Nyabiyonza kazi ilikuwa imesimama. Fundi alisema hawezi kuendelea juu ya tundu la mlango bila mlango wenyewe na kizingiti chake, na labda ni kweli, lakini nashuku kwamba tangu siku ile aliyoukumbatia ukuta hakuwa tena na hamu ya kwenda juu. Hata hivyo asingepata wa kumpandishia udongo. Wenzangu walikuwa wamegoma kwa njia ya kwetu, ambayo haina kelele. Huyu alisema ana homa, yule alisema baba mkwe wake amefariki, na baba wakwe wengi walifariki msimu ule. Bwana alipotangaza kwamba sasa atatoa kamba za usumba, hata kama ngozi zitapata shida, hakupatikana mtu wa kuzipokea.

Kisha mvua ikaja. Mvua za Karagwe hazibishi hodi. Kuta zile za matofali mabichi, zisizo na paa, zilikunywa maji usiku na mchana, zikavimba, zikaanza kuinama. Fundi akaona msafara unaopita kuelekea kwao, akaufuata. Aliaga kwa kusema kwamba udongo wa nchi hii hauna adabu. Baada yake ukuta mrefu, ule wa kuelekea njiani, ulilala chini wote kwa pamoja asubuhi moja watu wakiwa majumbani kwao wanakunywa uji. Hakuumia mtu, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyelazimishwa kuwa juu yake.

Habari hizo nililetewa na yule wa Rugu, aliyetembea mvuani kuja kunitazama. Hapo ndipo nilipouona mkono wake. Hakuwa amepata mwunga mifupa. Ulifungwa nyumbani kwa kile kitambaa cha panya, na mfupa ukashikana ulivyotaka wenyewe, umepinda kama mpini uliokatwa kwenye tawi baya. Haukuinuka kupita bega na haukushika jembe. Mkewe ndiye aliyekuwa analima, huku ana mimba.

Alinisimulia kuanguka kwa ukuta kwa ustadi wake wote, akiigiza Bwana anavyozunguka mvuani bila kofia akiuinua udongo kwa viganja, mpaka bibi mwenyewe akacheka. Tulipobaki wawili akanyoosha mkono wake mzuri, akapitisha kidole juu ya ua moja lililotokeza karibu na bega langu.

"Wewe umelalia maua," akasema. "Mimi nililalia udongo nilioubeba mwenyewe."

Tulianguka kutoka jukwaa moja, kwa kamba za shamba moja. Mimi nimepata mlango na mwunga mifupa kwa kuwa mwanamke mmoja alikuwa jikoni siku yangu, na siku yake alikuwa msibani. Nimeitafuta tofauti nyingine mpaka leo, sijaiona. Yeye akabadilisha mazungumzo, akauliza kama asali ya Bwana imebaki, akaila yote.

Bibi aliponiruhusu kusimama, mguu wangu ulikuwa umepungua kidogo, na tangu hapo natembea kama mtu anayekanyaga shimo kila hatua ya pili. Bwana alikuja kuuchukua mlango na wapagazi. Aliuinamia akaunusa. Dawa za bibi zilikuwa zimeingia kwenye maua, zimeyatia rangi ya kijani isiyotoka. Badala ya ghorofa alijenga nyumba ya chini, ya miti na udongo, paa la nyasi, na mlango ulipoletwa ukaonekana ni mrefu kuliko ukuta. Ilibidi akate kipande cha chini. Nilikuwepo akikata. Alilia, na mimi, Mungu anisamehe, nilishikilia msumeno upande wa pili kwa moyo mkunjufu.

Kwa sababu siwezi kulima mteremkoni, mke wa Bwana alinipa kazi ya kupima chumvi barazani. Bwana hakupenda, ila katika nyumba ile mambo asiyoyapenda Bwana yalifanyika kila siku. Na nilikuwa hapo barazani siku ambayo Bwana Mkubwa wa Bukoba hatimaye alipita, na askari wake na farasi mmoja mchovu. Alisimama kunywa maji. Alikitazama kifusi cha matofali kilichokuwa bado kando ya njia, kimeota majani.

"Hii ilikuwa nini?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha kuamrisha.

"Ukuta wa zamani, Bwana Mkubwa," Bwana akasema.

Mjerumani akaniona nikiinuka kuleta maji. "Na huyu, mguu umefanyaje?"

Bwana hakusita hata kidogo. "Alianguka mgombani, Bwana Mkubwa."

Mtu wa huku akisikia maneno hayo anajua hapohapo kwamba amedanganywa. Mgomba hauparamiwi. Ukitaka mkungu unausogelea, unaukata, unauangusha. Hata mjinga hajawahi kuanguka mgombani. Wateja wote barazani wakainamia miguu yao. Na kati ya wateja hao alikuwamo yule wa Rugu, amekuja kununua chumvi. Akasogea mbele, akauinua ule mkono wake mpaka pale unapoishia.

"Mimi pia, Bwana Mkubwa. Mgomba huo huo."

Mjerumani akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akaigeukia migomba iliyokuwa nyuma ya duka.

"Migomba ya Karagwe ni mirefu," akasema.

"Mirefu sana," akajibu yule wa Rugu kwa Kiswahili chake cha jukwaani. "Kuna mmoja Bwana huyu alitaka kukulaza juu yake."

Ndani ya nyumba tulisikia sufuria ikianguka, kisha kicheko cha mke wa Bwana, kicheko kirefu cha mtu aliyekibana kwa miaka. Hapo hata askari wakacheka, bila kujua wanacheka nini. Mjerumani hakuuliza zaidi, akanywa maji yake, akapanda farasi. Kabla jua halijatua, kuanzia Nyabiyonza mpaka Rugu, Bwana alikuwa amepata jina jipya, na hilo la Bwana Mgomba ndilo alilokuja kufa nalo, ingawa mbele yake tuliendelea kuliacha kwenye neno la kwanza.

Msafara ulipopotea kwenye kona, Bwana aliingia ndani bila kumtazama mtu. Nilimpimia yule wa Rugu chumvi yake, nikaijaza mpaka ikamwagika, na hakuna aliyenikataza. Nikataka kumfungia. Akaninyang'anya jani, akaliweka juu ya goti, akalikunja kwa mkono wa kushoto, akaivuta kamba kwa meno. Ilimchukua muda. Wateja wengine walisubiri nyuma yake, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alilijaribu fundo kwa kulivuta, akakitia kifurushi kwapani, akashika njia ya kwao.